Mshipi wa Bibi Juu ya Barabara Iliyozama

Nilifunga mwisho wa mshipi wa bibi wa kuvulia samaki kwenye ubao wa mtumbwi aliokalia. Naanza na hili kwa sababu mengine ya siku ile kila mtu nyumbani anayasimulia anavyotaka, ila hili nililifanya mimi, kwa mikono yangu miwili, akili zangu zikiwa timamu, huku nacheka kimoyomoyo. Nilitumia fundo la kufungia mbuzi. Nikalivuta likakaza. Halafu nikalifunika na pindo la khanga aliyokuwa ametandika ubaoni, nikashika kasia, nikamwambia, "Panda mke wangu, samaki wanakuulizia."

Ni bibi mzaa mama. Kwetu Unyamwezini bibi na mjukuu ni watani, na sisi wawili tunautumia utani huo mpaka mama anakereka. Ananiita mume wangu tangu nikiwa sijui kutembea, na mimi namwambia maneno ambayo nikimwambia mtu mzima mwingine nakula kofi. Asubuhi ile ile alinitilia chumvi kwenye chai, akakaa pembeni na kilemba chake akinitazama ninavyoimeza. Kwa hiyo zamu ilikuwa yangu.

Mama alikuwa amesafiri na kwaya kwenda Urambo. Alitoka alfajiri, sare yake imekunjwa kwenye mfuko, akasimama mlangoni akaninyooshea kidole.

"Nimekuachia mama yangu. Dawa ya presha anameza akishakula. Asiiname, asibebe maji, na goti lile bovu asilitembeze. Nikirudi jioni nimkute mzima."

Nikasema sawa. Mama hana kaka wala dada aliyebaki, na babu alishafariki. Katika wakubwa wake amebakiwa na huyo mmoja tu. Nilikuwa najua. Asije mtu akanitetea kwamba nilikuwa sijui.

Gari la kwaya halijafika hata lami, bibi akatoka chumbani. Khanga mbili, sweta, viatu vya plastiki, mkononi kitambaa kilichofungwa fundo.

"Mwangaluka, mume wangu," akanisalimia kwa Kinyamwezi, sauti ya mtu mwenye mpango. "Mwenye nyumba kaondoka?"

"Kaondoka."

"Basi kunywa chai upesi, tunatoka."

Chai yenyewe ndiyo hiyo ya chumvi. Nilipomaliza kukohoa akafungua kitambaa mbele yangu. Ndani kulikuwa na kijiko. Yaani kijiko cha kulia wali, ila mpini umekatwa, kimetobolewa matundu mawili: tundu moja lina pete ya kufungia mshipi, la pili lina ndoana ya ncha tatu. Babu ndiye alikitengeneza. Ukikikokota majini nyuma ya mtumbwi kinajigeuzageuza na kumeremeta, na kambale, ambaye sisi tunamwita mumi, anadhani ni kisamaki kinachokufa.

Nilikitambua. Zamani kila kiangazi bibi na babu walikuwa wanahamia mto Ugalla, wanajenga kibanda cha nyasi ukingoni, wanavua, wanakausha, wanarudi kijijini Ipole na magunia. Mimi nilipelekwa huko kabla sijaanza darasa la kwanza. Nakumbuka babu akipiga kasia taratibu, bibi amekaa katikati akitazama nyuma, mshipi umepita kati ya vidole vyake, na mimi miguuni kwao na kopo, nachota maji yanayovuja, nimeamriwa ninyamaze. Kunyamaza ndiko kulikuwa kazi.

Walikuwa hawakokoti kwenye maji matupu. Mumi mkubwa, bibi anasema, hakai uwanjani. Anakaa palipo na kitu: kisiki, jabali, ukingo wa mkondo wa zamani. Anajibana hapo anasubiri wadogo wapite. Sasa wewe unapitisha kijiko chako ubavuni mwa kitu hicho, karibu kabisa, bila kukigusa. Ukikaa mbali hupati samaki. Ukigusa umenasa. Kazi yote iko katikati ya hayo mawili.

Babu alipofariki bibi alikifunga kijiko kwenye kitambaa na hakukifungua tena mpaka asubuhi hiyo. Nikamuuliza kwa nini leo.

"Macho yangu yameanza ukungu," akasema. "Nataka niuone mshipi ukikaza mara moja tena, kabla sijaanza kuona vivuli vyenu tu. Na wewe kwa sura hiyo, kivuli kinakutosha."

Tungemwambia mama, angekataa. Hakuna aliyelisema hilo. Tulijikausha tu wote wawili, nikaenda kuita bodaboda.

Tulipanda mshikaki, dereva mbele, bibi katikati, mimi mwisho nimemkumbatia asidondoke. Tukatoka kwetu Ipuli, tukavuka mji, tukashika njia ya Kwihara kuelekea bwawani. Tulipopita nyumba za mwisho nikaona kichwa cha bibi kimenilalia kifuani. Mikono imening'inia. Nikamwita. Kimya. Nikamtikisa. Kimya. Nikapiga kelele, "Bro simama! Simama! Bibi kazimia!" Dereva akafunga breki nusura tuingie mtaroni. Bibi akafumbua jicho moja.

"Nilikuwa napima," akasema, "kama siku yenyewe ikifika utalia. Umefaulu."

Dereva alicheka mpaka akashindwa kuwasha pikipiki. Nikaapa moyoni kwamba leo hii bibi hanidanganyi tena, aseme analolisema.

Bwawa lilipojengwa lilimeza kipande cha barabara ya zamani, ile waliyopita wapagazi na mizigo ya pembe, pamoja na miembe iliyokuwa imepangwa pande zote mbili. Siku hizi barabara inaingia majini upande wa huku, inapotea, halafu unaiona inatokea ng'ambo na kuendelea na safari. Bibi aliitembea alipokuwa mwari, kabla ya bwawa, anapelekwa kwa babu na kuku kichwani. Miembe yenyewe ilishakufa na kukatika. Visiki vimebaki chini, safu mbili, na katikati yake barabara. Ukiwa unakokota kijiko huwezi kuomba kitu kizuri zaidi ya hicho.

Ukingoni tulimkuta mtu mwenye mtumbwi wa kuazima, mtu mzima kidogo, kofia imepauka, anaziba nyavu kwa sindano ya mti.

"Shikamoo mama," akamwamkia bibi. Kisha akanigeukia. "Huyu unamleta kutazama maji?"

"Anakuja kuvua," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi ni mume wake. Napiga kasia."

Akamtazama bibi, akatazama goti lake, akatazama mtumbwi wake. Ulikuwa wa kuchonga, mwembamba, na una kiraka cha bati ubavuni. Bibi akamwonyesha kijiko. Yule bwana akakipokea, akakigeuza, akamrudishia kwa mikono miwili. Wakapatana: samaki wa kwanza wa mwenye mtumbwi, wanaofuata wetu.

"Ila upepo ukiamka rudini," akasema. "Bwawa hili halina utani."

Bibi akanitazama. "Umesikia? Halina utani. Utakufa kwa upweke."

Tukaingia. Asubuhi ile maji yalikuwa yametulia. Bibi alikuwa na uzi mrefu wenye jiwe mwishoni, akawa analishusha na kulipandisha huku mimi nasogeza mtumbwi.

"Tope," anasema. "Tope. Tope." Mara jiwe likagota, hata mimi nilisikia mguso kwenye ubao. "Changarawe. Tuko barabarani. Sasa elekeza pua kule inakotokea, na usipinde hata kidogo."

Akaachia kijiko, mshipi ukapita kando yangu ukaenda mbali nyuma. Mshipi wenyewe ulikuwa nailoni iliyosokotwa, mwembamba na mgumu, na mwisho wake umezungushwa kwenye kijiti cha mti mwepesi. Kijiti hicho bibi alikiweka chini ya paja lake.

"Mwisho haufungwi popote," akaniambia, na hapo alikuwa haongei kiutani, au mimi nilidhani haongei kiutani, tangu bodaboda nilikuwa sina hakika na chochote. "Samaki akikuzidi nguvu, au ukinasa, unakitupa kijiti majini. Kinaelea. Unageuza, unakifuata polepole, unakiokota. Babu yako alikuwa ananiambia tupa, nakitupa mpaka kule. Nilikuwa na mkono!"

"Sasa hivi huwezi kutupa hata kijiko cha uji."

"Subiri."

Nilipiga kasia. Nilikuwa nimesahau jinsi kazi hii inavyokaza mwili wote. Ukienda haraka kijiko kinapanda juu, ukienda polepole kinazama kwenye visiki. Bibi anasikiliza kwa vidole. "Ongeza. Punguza. Hapo. Hapo hapo, usipumue." Maji ni ya kahawia, huoni kitu, lakini unajua kulia kwako kuna safu ya visiki na kushoto nyingine, na kijiko kinapita kwenye giza lile kwa idhini ya vidole vya mwanamke mwenye ukungu machoni. Shingo iliniuma. Sikufanya hata mzaha mmoja, na hilo mnaonijua mtaliona ni la ajabu.

Mshipi ukakaza. Bibi hakupiga kelele. Alisema tu "aaa," kama mtu aliyegongewa hodi na mgeni anayemfahamu, akaanza kuvuta, mkono kwa mkono, mshipi unalundikana miguuni pake. Mumi akatokea ubavuni, kichwa kipana, sharubu, ana hasira. Nikamnyanyua kwa matamvua, akanipiga na mkia kifuani. Bibi alikuwa analia na kucheka. Akapangusa uso na ncha ya khanga, akasema, "Mjinga mwenyewe kumbe bado yupo." Sijui alimaanisha samaki au nani.

Samaki wa kwanza. Tukarudi ufukweni kumkabidhi mwenyewe.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kidogo kidogo, kila moja ukiliangalia peke yake halina ubaya. Yule bwana akaomba kisu ampasue samaki wake papo hapo. Bibi akampa kisu chetu. Majani ya matete yakaanza kuinama upande mmoja. Mimi nikasema, "Tumalizie mara moja tu, tuondoke na wetu. Au unataka kwenda nyumbani na harufu bila samaki?" Bibi akatazama maji. Nadhani alikuwa aseme hapana. Lakini alikuwa ameshaonja.

"Mara moja," akasema. Akasimama kuongea na yule bwana kuhusu babu na Ugalla, na mimi nikatangulia kupanga vitu mtumbwini.

Kijiti kilikuwa hapo juu ya ubao. Nikakumbuka "nilikuwa na mkono." Nikaona picha nzima kichwani: bibi anakitupa kijiti kwa mbwembwe mpaka kule, kinafika mwisho wa kikamba nitakachokifunga, kinarudi na kumdondokea miguuni kama mbuzi aliyefungwa kambani. Nilicheka peke yangu. Nikachukua kikamba kilichokuwa chini ya mtumbwi, nikafunga kijiti upande mmoja, ubao upande wa pili, nikakaza. Kisu tulikuwa tumekiacha kwa yule bwana. Sikukikumbuka, wala bibi hakukikumbuka.

Safari hii upepo ulikuwa nyuma yetu. Mtumbwi ukawa unakwenda wenyewe, kasia nalitumia kuelekeza tu. Mawimbi madogo, kisha si madogo. Bibi alishusha jiwe, akasema changarawe, akaachia kijiko. Tulipofika katikati akashusha tena. "Tope," akasema. Halafu kwa sauti nyingine, "Tope. Umetoka barabarani. Rudi kushoto."

Nikapiga kasia kurudi kushoto, upepo ukanirudisha kulia. Nikapiga tena. Nilianza kuona kwamba hatuendi ninakotaka, tunakwenda upepo unakotaka. Ng'ambo bado ilikuwa mbali na tulikotoka kulikuwa mbali zaidi. Nikageuka nikamwona mwenye mtumbwi amesimama ukingoni anapunga mkono kwa nguvu, kitu kinang'aa mkononi mwake. Nikadhani anatushangilia. Nikampungia.

Mshipi ukakaza.

"Samaki?" nikauliza.

"Kisiki," akasema bibi.

Na papo hapo, kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake, akachomoa kijiti chini ya paja na kukitupa.

Alitupa vizuri. Lazima niseme. Kikaenda kama alivyojisifia, kikafika mwisho wa kikamba, kikarudi na kumgonga goti, lile bovu. Na mimi nikacheka. Kila nikikumbuka siku ile, hapa ndipo ninapotaka kuipita haraka. Nilicheka kwa sauti, kasia liko mapajani, huku mtumbwi ukianza kugeuka.

Ulikuwa umefungwa katikati, unashikiliwa na kisiki kilichoko nyuma, na upepo unausukuma mbele. Kwa hiyo ukajiweka ubavu. Upande wenye mshipi ukavutwa chini, na huo ndio upande wa mawimbi. Wimbi la kwanza likamimina maji mapajani mwetu. Maji ya baridi, kicheko kikakatika nusu.

"Umefunga?" akauliza.

"Nilikuwa nakutania."

"Fungua."

Nikashika fundo. Lilikuwa limelowa na linavutwa na uzito wa mtumbwi mzima. Vidole vikateleza. Wimbi la pili likaingia.

"Kisu," akasema.

Tukatazamana. Wote wawili tulikiona kisu kwa wakati mmoja, ufukweni, mkononi mwa mtu anayetupungia.

"Tunazama," akasema bibi.

Nami nikamtazama usoni kuona kama jicho moja litanikonyeza. Mnisamehe au msinisamehe, ila ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameshakufa mara moja asubuhi ile na mimi nikapiga kelele nikachekwa na dereva. Nilijiambia, hapa ananipima. Maji yako kwenye vifundo vya miguu na mimi nasubiri bibi acheke kwanza.

Hakucheka. Alinishika mkono, vidole vyake vimekuwa barafu, akasema polepole:

"Mjukuu wangu. Tunazama."

Tangu nizaliwe hajawahi kuniita hivyo. Mume wangu, mwanaume wangu asiye na mahari, sura ya ndezi, yote nimeitwa. Mjukuu, kamwe. Kwenye utani wetu jina hilo halipo. Kulisikia kulinitisha kuliko maji. Nikamwona jinsi alivyo kweli: mwanamke mzee, khanga mbili na sweta vimelowa, goti bovu, hajui kuogelea, yuko katikati ya bwawa kwa sababu mimi nilimleta. Kimeumana, nikajua.

Nikashika kasia nikaanza kupiga kwa nguvu zote kuelekea ng'ambo, kulikokuwa karibu zaidi. Kila pigo mshipi ulizidi kukaza na ubavu ulizidi kulala.

"Siyo huko!" akapiga kelele. "Rudi kwenye kisiki!"

"Bibi, kisiki ndicho kimetushika!"

"Ndiyo! Kifuate! Kifuate kinakokuvuta!"

Kila mshipa mwilini ulikataa. Kugeuza pua kuelekea mawimbi, kuelekea katikati, kuifuata ile kamba inayotuzamisha. Lakini ameniita mjukuu. Nikageuza. Yeye akachukua kopo lililokuwa chini ya ubao, lile goti akalipiga chini kwenye maji, akaanza kuchota, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, pumzi inamtoka kwa mluzi. Mimi nilipiga kasia upande mmoja tu mpaka pua ikageuka, kisha upande huu na upande ule, upepo unanipiga usoni, na mtumbwi umejaa maji, mzito, haujui kama ni mtumbwi au ni gogo. Tulisogea urefu wa mkono. Tukarudi nusu yake. Tukasogea tena. Nilikuwa natazama mshipi, sitazami kitu kingine. Ulikuwa umenyooka unatoa matone. Kisha ukaacha kutoa matone. Kisha ukalegea.

"Shikilia hapo hapo!" akasema. "Usiuache ukaze. Fundo halitafunguka, uma."

"Niume nini?"

"Mshipi! Mimi nina meno mawili, na hayakutani!"

Hata sasa sijui kama huo ulikuwa utani. Nilimpa kasia. Alilishika kwa mikono yote miwili, akawa anapiga nikiwa nimepiga magoti mbele yake, na mimi nikautia mshipi kinywani nikaanza kuutafuna. Nailoni haina ladha, ila ina maumivu. Ilinikata mdomo. Nilisikia mtumbwi unaanza kurudi nyuma, bibi anasema "upesi, upesi, baba, mikono inakufa," mshipi unaanza kuninyanyua kichwa. Nikasita.

"Bibi, kijiko cha babu kiko huko!"

"Kata! Babu yako hahitaji kijiko, mimi nahitaji nchi kavu!"

Nikauma. Ulikatika kwa mlio mdogo tu. Mwisho wake ukapita usoni kwangu, ukaingia majini, na mtumbwi ukainuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nililichukua kasia nikauacha upepo utupeleke ng'ambo, nikielekeza tu, bibi akichota maji. Pua ilipogusa matope niliruka chini nikambeba. Ni mwepesi. Sikuwa najua kwamba ni mwepesi kiasi kile. Kiatu kimoja cha plastiki kilikuwa kimebaki bwawani.

Mwenye mtumbwi alikuja kwa kuzunguka ukingo, anakimbia, kisu chetu mkononi. Alikuwa anatuonyesha kisu, ndiyo kupunga kwenyewe. Alimkuta bibi ameketi kwenye nyasi anatetemeka, akavua koti lake akamfunika. Kisha akauangalia ule ubao, akaliona fundo.

"Mama kunipa kisu si kosa," akaniambia. "Wewe ndiye ulikuwa na mikono ya kupanga vitu. Ukifunga mwisho wa mshipi tena kwenye chombo cha mtu, jifunge na wewe shingoni, tujue moja."

Nikasema ndiyo.

Kurudi nyumbani kulikuwa kubaya kuliko bwawa. Kwenye bodaboda bibi alinilalia kifuani vile vile kama asubuhi, mikono imening'inia. Nikamwita. Kimya. Safari hii sikupiga kelele. Nilimwekea mkono puani kutafuta pumzi, upepo wa pikipiki unanichanganya, sijui kama ninachohisi ni yeye au ni barabara. "Bibi," nikamwambia sikioni, "bibi, nitanie basi. Niambie chochote." Kimya. Nyumba za Kwihara zikapita. "Bibi, nakuomba." Tulipokaribia lami akasema, macho bado yamefumbwa, "Usinibane mbavu. Nimechoka, sijafa." Halafu akalala kweli, anakoroma kidogo, na mimi nikalia mpaka Ipuli. Dereva aliona kwenye kioo. Ni yule yule wa asubuhi. Hakucheka.

Mama alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa mlangoni, bado na sare ya kwaya, simu mkononi, amepiga simu kwa majirani wote. Akatuona tunashuka: mama yake na kiatu kimoja, koti la mwanaume nisiyemjua jina, majani ya bwawa kwenye kilemba; na mimi mdomo umepasuka unatoka damu.

"Tulikuwa kanisani," akasema bibi.

Mama alimwingiza ndani, akamvua vilivyolowa, akamvika gauni kavu, akamkausha miguu kwa taulo, kidole kwa kidole, nyayo, halafu akamfungia mashine ya presha mkononi na kusubiri. Tulisubiri wote. Sijawahi kutazama namba kwa hamu namna ile, hata matokeo ya mtihani sikuyatazama hivyo. Mama alizisoma, akafumba macho, akapumua.

Ndipo nikasema. Bibi alinikanyaga mguu chini ya meza, akanikanyaga tena, nikaendelea. Nilisema bwawa, nilisema mtumbwi, nilisema fundo, nilisema nilicheka. Bibi akadakia, "Mimi ndiye nilimtuma. Mtoto wa watu angekataaje, mimi ndiye niliyemtoa nyumbani." Nikasema hapana, kufunga nilifunga mimi. Akasema hapana, kisu nilikiacha mimi. Tukawa tunanyang'anyana kosa, sauti zinapanda, mpaka tukageuka tukamwona mama.

Alikuwa amesimama na lile taulo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa. Akavuta stuli akaiweka karibu na kiti cha bibi, akaninyooshea kidole nikae. Nikakaa. Halafu mama akasema, na nayaandika yalivyotoka:

"Wewe kaa hapo hapo. Mama, na wewe usiinuke. Leo wote wawili ni watoto wangu, na nitaanza na mkubwa."